Alama za Ng'ombe wa Rudasingwa

Mume wangu Nkusi alikuwa mtu wa kukaa. Nasema alikuwa, kwa sababu wiki ile ya harusi ya mjini Buffalo makalio yake hayakutulia kitini hata kwa muda wa chai kupoa. Anaketi mbele ya kompyuta, anabonyeza, anasimama, anazunguka sofa, anachungulia dirishani kwenye maegesho, anarudi, anatazama namba, anaguna. Kisha anaanza upya. Mimi natoka kazini Clintonville, ambako siku nzima nimegeuza na kuogesha wazee wa watu, nafika kwetu Gahanna, pembeni ya Columbus, na hamu moja tu, ya kumkuta mtu aliyetulia. Nikamkosa.

"Leo ni ngapi?" nilimuuliza Jumatano. Salamu nilishakata tamaa nazo.

"Elfu tisa na kidogo."

"Na jana?"

"Elfu tisa na kidogo."

"Sasa unapima nini? Mutoto mwenye homa banamupima juu ya kumupa dawa. Weye unapima tu."

Alikuwa tayari yuko dirishani.

Kompyuta ile tulipewa. Ndani yake mna kadi ya picha, kipande kizito chenye feni zake, ambacho kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo. Ipo programu ya kuipima: inaifanyisha kazi ngumu dakika chache, inachoresha milima na moto na maji yanayoanguka, halafu mwishoni inatoa alama. Kadi za aina moja hutakiwa kupata alama zinazokaribiana. Ya kwetu ilitakiwa kupata kama elfu kumi na nne. Ilikuwa inapata tisa, na kile kilichopungua ndicho kilichokuwa kinamzungusha mume wangu kwenye sofa.

Lakini kama ingekuwa kompyuta tu, ningenyamaza. Ile ilikuwa ng'ombe.

Nkusi aliumia bega kwenye ghala alikokuwa akipanga masanduku, daktari akamwambia asahau kunyanyua vitu. Alikaa nyumbani akitazama mikono yake. Ndipo akaja Rudasingwa, rafiki aliyechunga naye ng'ombe milimani kwetu Bijombo tangu wote wawili hawana meno ya mbele. Aliendesha kutoka Louisville na kompyuta ikiwa kiti cha nyuma, ameifunga mkanda. Akasimama katikati ya sebule yetu, akanyoosha mgongo kama watu wanavyosimama wakisema habari za ng'ombe, akasema: "Nkusi, kwetu mutu akipoteza ng'ombe zake, rafiki anamupatia moja ya kuanza nayo. Hapa hakuna majani. Ng'ombe yako njo hii."

Nkusi aliipokea kwa mikono miwili, lile bega likimuuma, na tukapiga makofi. Shami, mke wa Rudasingwa, tunayemwita Mama Nadine, akatoa kwenye mkoba wake kitambaa alichokidarizi mwenyewe, cheupe, chenye maua mekundu na majogoo pembeni, kipana kiasi cha kuteremka pande zote nne. "Ng'ombe haiingie mu nyumba ya batu uchi," akasema, akaivisha kwa mikono yake. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu redio huvaa, televisheni huvaa, hata mgongo wa kochi huvaa. Nyumba ambayo vitu vyake viko uchi ni nyumba isiyo na mwanamke.

Nkusi akajifunza kupiga picha za video na kuzirusha moja kwa moja, ili ndugu walioko Uvira, Nairobi na Australia waone ibada na harusi zetu zikiendelea. Akaanza kucheka tena. Halafu ikaja ibada ya kumbukumbu hapa Columbus. Aliipeleka kompyuta kanisani na nguo yake, imependeza kuliko waombolezaji, na katikati ya sala picha ikaganda. Mchungaji alibaki kwenye vioo vya watu duniani kote na mdomo wazi, muda mrefu hivi kwamba shangazi mmoja wa Australia alipiga simu kuuliza kama naye Bwana amemwita. Watu walicheka. Nkusi hakucheka. Siku ileile alianza kupima.

Na sasa Buffalo ilikuwa inamsubiri. Kamera tatu, ukumbi mkubwa, kioo kikubwa ukutani, na bibi mzaa baba wa bwana harusi akitazama kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Picha ikiganda huko, hakuna atakayemwita tena, na mimi nitarudi kuishi na mtu anayetazama mikono yake. Nilikuwa na hofu hiyo, siifichi.

Jioni ile ya Jumatano alimpigia Zabroni. Zabroni ni Mrundi aliyekulia kambi ya Nyarugusu. Mchana yuko kiwandani huko Buffalo, jioni anatengeneza kompyuta za watu, na ndiye aliyepewa kazi ya kufunga kile kioo cha ukumbini. Tena ana kadi kama yetu. Nkusi akaweka spika.

"Kaka Nkusi," Zabroni alisema, "kwanza usijilinganishe na wale wa mtandaoni wanaojionyesha. Wale wanaipa kadi umeme wa ziada ili waje kutamba. Tafuta wenye kadi kama yako, na kompyuta inayofanana, na jaribio lilelile, uangalie wengi wao wamesimama wapi. Ukipungua kidogo, hiyo ni kawaida. Mimi napata kumi na nne, jirani yangu kumi na tatu na nusu, wote wazima. Lakini tisa? Hapana, kaka. Hiyo inaumwa."

Nkusi alifumba macho kama aliyesomewa hukumu.

"Ikiwa kazini joto linafika ngapi?"

"Tisini na kitu."

"Aa. Hapo inajipunguza yenyewe isije ikaungua. Vumbi limejaa ndani?"

"Vumbi ya wapi?" Nkusi karibu akasirike. "Hii hatuiache wazi hata siku moja. Mama Jolie anaifunika muzuri." Mama Jolie ni mimi.

"Hapo sawa," alisema Zabroni. "Mama yangu alikuwa hivyohivyo na redio yake. Basi kama si vumbi, ni kadi yenyewe imechoka. Kuna watu huzikamua usiku na mchana miaka mizima kuchimba pesa za mtandaoni, halafu wanazitoa zikiwa zimekwisha. Hii uliipata wapi?"

Nkusi akazima spika. Akamalizia mazungumzo kwa sauti ya chini, akatoka nje bila koti. Nilimwona akizunguka magari ya watu kwenye maegesho, anasema peke yake. Aliporudi alikuwa na simu mdomoni, na mimi nikiwa jikoni nilisikia kila neno la ujumbe wake wa sauti.

"Rudasingwa. Ile ng'ombe ulinipatia iko mugonjwa. Kadi yake inatoa maziwa nusu. Donc, mi nakuuliza tu kama rafiki: ulijua?"

Nikatoka na mwiko mkononi. "Umetuma?"

"Nimetuma."

"Futa!"

"Juu ya nini? Nimeuliza tu."

"Ungemwita mwizi kabisa, ingekuwa heri. Futa, Nkusi!"

Tukainama wote wawili juu ya simu, na zile alama mbili za buluu zikatokea mbele ya macho yetu. Rudasingwa alikuwa ameshasikiliza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mume wangu alikuwa amejikwaa mguu mzima.

Ng'ombe wa kupewa, hata akifa kesho yake, unasema maziwa yake yalikuwa matamu. Aliyekupa unampelekea habari njema tu: ana mimba, amezaa, ndama amesimama. Kumuuliza kama alijua kwamba ni mgonjwa ni kumuuliza kama alikutakia mabaya. Kwetu urafiki umekufa kwa maneno machache kuliko hayo, na wajukuu wakaurithi uadui wake.

Jibu halikuja. Alhamisi nzima halikuja. Nkusi alipima, akazunguka, akapima. Mimi nilivunja glasi mbili, na kazini mzee mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Karibu niseme ndiyo. Watu wanaokumbuka sura ya baba yake Nkusi, waliokula kwake, wanaojua jina la kilima alichozaliwa, wamebaki wa kuhesabu kwenye vidole, na huyu wa Louisville ndiye tuliyekuwa tunampoteza kwa sababu ya namba.

Tena yeye na Shami walikuwa wapite kwetu. Barabara ya kutoka Louisville kwenda Buffalo inapita Columbus, na bibi harusi ni binti wa kaka yake Rudasingwa. Tulikuwa tumepatana tangu zamani: Ijumaa walale kwetu, Jumamosi alfajiri twende sote kwa gari moja. Sasa hatukujua kama watakuja, au watapita barabarani kama watu wasiotujua.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilipika sombe, kisamvu cha kwetu, nikapiga deki, nikabadilisha mashuka, kwa sababu mgeni hata akiwa amekasirika hulala kwenye shuka safi. Nikakitazama kitambaa cha Shami juu ya kompyuta. Kilikuwa na doa la chai. Shami ana macho. Hata katika ugomvi angeliona lile doa kwanza. Nikakivua, nikakifua, nikakianika bafuni.

Nkusi alitaka kupima mara ya mwisho. "Rudasingwa akifika nimuonyeshe," alisema. "Aone mwenyewe kama sisemi uongo." Jibu nililokuwa nalo lisingefaa kabla ya wageni. Nikarudi kwenye sufuria.

Nilingoja lile guno lake. Halikuja.

"Mama Jolie," aliita kwa sauti ndogo. "Kuya."

Nikaenda. Kwenye kioo palikuwa na elfu kumi na nne, na mia juu yake. "Rudia," nikasema. Akarudia. Milima, moto, maji. Elfu kumi na nne.

"Imepona," akanong'ona. "Imepona yenyewe?"

Nikaitazama ile kompyuta. Sijui kama niliwahi kuitazama kabla ya siku ile. Juu ilikuwa imejaa vitundu vidogo kama chekecheke, na mbele vilevile, na nilipoweka kiganja changu chenye maji juu yake nilisikia upepo wa moto ukipanda. Ilikuwa inapumua. Mashine ilikuwa na pua juu na pua mbele, na sisi miezi yote tulikuwa tumeiziba kwa maua na majogoo.

Nikafungua kitenge changu kiunoni, nikaifunika hadi chini.

"Unafanya nini?"

"Pima."

Akapima. Feni zikapiga kelele, zikalia kama mbuzi aliyenaswa. Elfu tisa na kidogo. Nikavuta kitenge, tukangoja ipoe, akapima tena. Elfu kumi na nne.

Ningependa kusema tulicheka. Nkusi aliangalia namba, akaangalia kitenge, halafu sura yake ikabomoka. "Nimemuuliza kama alijua," alisema. "Uwera, nimemuuliza kama alijua." Miaka mingi hakuwa ameniita kwa jina langu. Akampigia Rudasingwa, simu iliita mpaka ikakata. Akapiga ya Shami, hivyohivyo. Akaanza kuzunguka sofa, na safari hii nilizunguka naye.

"Turudishe ile nguo," akasema. "Tunazima mashine, tunaivalisha, tunasema nilipima vibaya. Mama Nadine asijue kama nguo yake njo ilileta maneno."

"Na kesho ku Buffalo, akiivalisha mwenyewe mbele ya batu bote?" nikamuuliza.

Gari likaingia kwenye maegesho.

Rudasingwa huwa hapigi hodi kwetu. Hufungua mlango, hurusha viatu pembeni, huuliza chakula kiko wapi. Siku ile aligonga. Nilipomfungulia alisimama juu ya zulia dogo la mlangoni na viatu vyake miguuni, kama mtu aliyeleta barua, ana boksi la karatasi ngumu kwapani. Shami alikuwa nyuma yake anatazama chini.

"Karibuni," nikasema. "Mukae."

"Sitakaa," alisema Rudasingwa. Hakumwangalia mume wangu usoni. "Nkusi, uliniuliza kama nilijua. Sikujua. Ile kitu niliinunua mupya, mu duka, na mikono yangu. Lakini mutu haache rafiki yake na ng'ombe mugonjwa. Bon. Nimekuletea ingine." Akaliweka boksi mezani. "Kadi njo hii. Iko sawa na ile, na iko nzima. Nimeitoa mu kompyuta ya Nadine leo asubuhi."

Nadine ni binti yao. Anasoma uchoraji wa majengo huko Louisville, na bila kadi ile kompyuta yake haichori hata choo.

"Na yeye alisema nini?" nikauliza.

"Hakusema kitu," Shami alijibu. "Alilia tu."

Nkusi alisema moja kwa moja, na nilimpenda kwa hilo. "Ng'ombe yako iko muzima, Rudasingwa. Haijaugua hata siku moja. Mimi njo nilimuziba pumuzi." Akawasha lile jaribio. Tukasimama wanne tukitazama milima na moto na maji, hakuna anayekohoa, mpaka namba ikatokea. Halafu akawaonyesha vile vitundu, akaeleza yote, na kitenge changu kikawa shahidi.

"Nguo yangu iko wapi?" Shami aliuliza.

Nikaileta kutoka bafuni, bado mbichi. Aliishika, akaiangalia, akaangalia vitundu, akafunika mdomo wake. "Yesu wangu. Kumbe ni mimi."

"Hapana, Mama Nadine," nikasema. "Ni sisi bote. Hata Zabroni, fundi mwenyewe, alisikia tunaifunika, akasema sawa."

Shami alianza kucheka chini kwa chini, mabega yakimtikisika, na mimi nikawa karibu kumfuata. Rudasingwa hakucheka.

"Ile ya nguo imeisha," alisema. "Ile ya kuuliza haijaisha. Weye unanijua tangu tunakunywa maziwa mu kikombe moja. Uliona mi ni mutu wa kukupatia kitu yenye imekufa?"

"Niliogopa," Nkusi alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta. "Bega imekufa. Kazi imekufa. Nikaona na hii inakufa. Nikatafuta mutu wa kulaumu, nikachukua ule wa karibu. Unisamehe."

Rudasingwa alitikisa kichwa, na sikujua kama anakubali au anakataa. Nikafikiri nisaidie. Nikachukua lile boksi, nikamnyooshea. "Basi hii irudi kwa mutoto."

Alirudi nyuma hatua moja. "Mi siwezi. Ng'ombe ikishatoka mu zizi kwenda kwa rafiki, hairudi. Unajua, Mama Jolie."

Nilijua. Angelala kwetu kwa adabu, angekwenda harusini kwa adabu, angerudi Louisville mikono mitupu, na binti yake angelipa kwa ulimi wa mume wangu. Na kila tutakapoiona kadi ile ya pili mezani, tungekumbuka imekujaje. Nkusi alianza kuzunguka sofa. Nilitaka kumpigia kelele akae, akae tu mara moja. Akazunguka, akazunguka tena, halafu akasimama.

Akaja akalichukua boksi mikononi mwangu, kwa mikono miwili. Akanyoosha mgongo.

"Rudasingwa," akasema, "niko na habari ya kukupatia. Ng'ombe yako imezaa."

Tukamtazama wote.

"Imezaa ndama, jike, muzuri sana. Njo huyu. Na kwetu mutu akipewa ng'ombe, ndama anarudi kwa mwenye alitoa, aone kama urafiki uko na damu. Mupelekee Nadine."

Katika milima yetu sijasikia mwanaume aliyekataa ndama wa ng'ombe aliyemtoa mwenyewe. Kumkataa ni kusema hukumtoa kwa moyo. Rudasingwa alijua hilo kuliko sisi sote. Aliliangalia boksi alilolileta yeye mwenyewe muda si mrefu, midomo ikimcheza, kidevu kikikataa kukaa sawa.

"Imezaa lini?" aliuliza kwa sauti ya ukali.

"Saa hii tu."

"Na maziwa iko?"

"Elfu kumi na nne," alisema Nkusi.

Rudasingwa akavua viatu, kimoja kikagonga ukuta. Akavuka zulia, akampokea ndama wake kwa mikono miwili, akauliza chakula kiko wapi. Nilikimbilia jikoni nikalia juu ya sombe. Niliporudi na sahani, Nkusi alikuwa ameketi.

Kesho yake huko Buffalo, kompyuta ilikaa uchi kwenye meza pembeni ya jukwaa, na picha zilikuwa zinatiririka ukutani bila kuganda. Shami na mimi tulikuwa tumekaa nyuma, ile nguo yake ikiwa imekunjwa kwenye mkoba wangu. Katikati ya nyimbo mama mmoja mzee wa Kirundi alipita karibu na meza, akaiona ile mashine ya watu haina hata kitambaa, akasikitika. Akavua mtandio wake mabegani, akaukunjua vizuri.

Niliwaona wanaume wawili wazima, mmoja na bega bovu, wakiruka viti vya watu kutoka pande mbili za ukumbi. Rudasingwa ndiye aliyefika kwanza. "Mama, acha!" alipiga kelele, na Nakivale nzima ikamsikia. "Ng'ombe ya Nkusi inataka kupumua!"